Mpokeeni Anayerudi: Fundisho la Kwaresima

Somo: Waraka wa Mtakatifu Paulo kwa Filemoni, mstari wa 8 hadi wa 20





Padre wetu ameniomba niandike maneno machache kwa ajili ya Kwaresima. Nimekuwa mwalimu maisha yangu yote, na miaka yangu ya mwisho kazini niliwafundisha walimu wenyewe katika chuo cha ualimu. Mwaka 2018 nilistaafu, nikarudi nyumbani hapa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala. Mwalimu amezoea kusahihisha makosa ya wengine kwa wino mwekundu. Leo yanipasa kusahihisha kosa langu mwenyewe, na kwa kuwa nililitenda mlangoni pangu huku majirani wakisikia, ni haki pia niliungame mbele ya majirani. Nitalieleza kwa wakati wake. Kwanza natuketi pamoja chini ya somo letu.

Waraka kwa Filemoni ni mfupi kuliko nyaraka zote za Mtakatifu Paulo. Hauna hata sura ya pili. Twasoma humo habari za watu watatu. Filemoni ni Mkristo mwenye nyumba, na kanisa hukutana nyumbani mwake. Onesimo ni mtumwa wake aliyeondoka, na yaonekana aliondoka na deni. Paulo ni mzee aliye kifungoni, naye amekutana na Onesimo akamzaa katika imani. Sasa Paulo anamrudisha Onesimo kwa bwana wake, na barua mkononi. Anamwomba Filemoni ampokee, wala si kama mtumwa tena, bali kama ndugu mpendwa. Kisha anaongeza neno moja lililonichoma moyo: kama Onesimo anadaiwa kitu, deni hilo liandikwe juu ya Paulo, naye atalipa.

Angalieni, ndugu zangu. Paulo hakusema kwamba deni halipo. Hakusema kwamba Onesimo hakukosa. Wala hakumwambia Onesimo akaanze maisha mapya mbali, mahali asipojulikana. Alimrudisha pale pale alipotoka, kwa watu wanaomfahamu, maana jeraha hutibiwa pale lilipo. Lakini alijua pia kwamba Onesimo hawezi kuanza upya peke yake. Lazima awepo mtu wa kumfungulia mlango. Waraka mzima umeandikwa kwa sababu ya mlango huo.

Tutazame sasa habari zetu wenyewe, sisi watu wa Masasi na Newala. Tukizikumbuka vizuri, hatutakuwa wepesi wa kufunga milango.

Mababu wa Wamakonde, kama wazee wanavyosimulia, walipanda kutoka mabonde ya mto Ruvuma wakaja kukaa huku juu, katika vichaka vizito visivyo na chemchemi wala kijito. Walikubali kukosa maji kuliko kukosa amani. Mama zetu waliishi wakiteremka genge na mitungi kichwani, na kupanda tena, mpaka ulipokuja mradi wa maji wa Makonde ulioanza katika miaka ya 1950. Kila aliyesimama pale Shimo la Mungu, Newala, akatazama chini, anajua miguu ya akina mama hao ilifanya kazi gani.

Na Kanisa letu je, lilianzaje? Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Watu wengi walikuwa wamekombolewa, nao hawakuwa na kwao. Wengi walichukuliwa wakiwa watoto. Palikuwa na wasiojua tena njia ya kijiji cha mama yao, na hata wangaliijua, hawakuwa na hakika kama kijiji chenyewe kipo bado. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yule aliyejenga Kanisa Kuu la Mkunazini juu ya mahali pa soko lile, alichukua kikundi cha watu hao kwa chombo mpaka Lindi, na kutoka Lindi wakaja bara kwa miguu. Nia ya Askofu ilikuwa kufika Ziwa Nyasa, karibu na nchi walikotoka wengi wao. Lakini walipofika Masasi, chini ya ile milima ya mawe, wakaona mahali panafaa, wakatua mizigo. Huo ndio mwanzo wa misheni ya Masasi.

Nawaombeni mfikiri kidogo juu ya jioni ile ya kwanza. Si kabila moja, si ukoo mmoja. Hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake, namfahamu babu yako. Mume amesahau lugha ya mama yake, mke ametoka nchi nyingine kabisa. Kila mmoja ana alama mwilini ambayo haulizwi habari zake. Na asubuhi yake, kazi ni ile ile: kufyeka, kujenga, kulima, kutafuta maji, kusali. Hawakuwa malaika. Waligombana kama watu wote. Lakini kwa jembe, kwa sala, na kwa kuishi karibu karibu, watu wasio na ndugu wakapata ndugu.

Hata hivyo kuanza upya si jambo la mara moja. Mwezi Agosti 1882 Askofu Steere alifariki Unguja. Mwezi uliofuata, Septemba 1882, wapiganaji wa Kingoni, waliokuwa wakiitwa Magwangwara, waliishukia Masasi. Nyumba zilichomwa, watu wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Mtu aliyekwisha kuwa mtumwa mara moja, akakombolewa, akajenga nyumba, akachukuliwa tena! Nani angethubutu kumwambia mtu huyo maneno ya kumfariji?

Waliobaki walitawanyika. Misheni ikapanda huku juu Newala chini ya Padre Chauncy Maples, na mfalme Matola, aliyekuwa Myao, akaipokea katika nchi yake. Twasoma habari hii haraka haraka, kana kwamba ni jambo dogo. Lakini Matola alijua kwamba anayempokea mtu aliyeshambuliwa aweza kushambuliwa yeye pia. Aliwapokea hivyo hivyo. Basi, Wakristo wa Newala wakumbuke kwamba Kanisa lilifika kwao likiwa mkimbizi, na likapewa mahali.

Baadaye Masasi ikajengwa tena. Mwaka 1905, wakati wa Vita vya Majimaji, misheni ikaharibiwa tena kwa moto. Ikajengwa tena. Na katikati ya mambo hayo Mungu alikuwa akiponya. Mtoto mmoja aliyekombolewa utumwani, Cecil Majaliwa, alilelewa na misheni Unguja, akaja kuhudumu Chitangali, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza kuwekewa mikono ya upadre katika misheni ile. Yule ambaye watu walimpima kwa bei, akainua kikombe cha Bwana altareni.

Jumatano ya Majivu tulipiga magoti, padre akatupaka majivu kwenye paji la uso. Nilipokuwa nikirudi mahali pangu nilifikiri: majivu si kitu kigeni kwetu. Kanisa letu limepakwa majivu mara mbili, majivu ya nyumba zake lenyewe, na mara zote mbili likaondoka likachukua jembe.

Niseme neno moja juu ya mikorosho, kisha nije kwenye habari yangu.

Ninyi wakulima mnajua kuliko mimi. Msimu wa 1973/74 nchi yetu ilivuna tani karibu 145,000 za korosho. Mwishoni mwa miaka ya 1980 mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Nilikuwa kijana wa miaka kumi na sita tulipohamia kijijini wakati wa Operesheni, na mikorosho ya baba ikabaki kule mbali, ikimezwa na vichaka. Kisha ukaja ubwiriunga, ukakausha maua kabla hayajawa korosho. Wengine wakasema, mikorosho imekufa, tuichome mkaa.

Lakini wataalamu wa Naliendele wametufundisha kazi ya kubebesha. Mkorosho mzee usiozaa hukatwa, likabaki shina fupi. Ukiliona siku hiyo utasikitika, maana halina jani hata moja. Lakini mizizi ingali chini, nayo ni mirefu. Machipukizi yakitokea, mkulima huchagua yenye nguvu, akayabebesha vikonyo vilivyokatwa kwenye mkorosho ulio bora. Hufunga vizuri, hungoja, huondoa machipukizi yasiyotakiwa. Mti ule huanza kuzaa mapema kuliko mche uliopandwa leo, kwa sababu ya mizizi yake ya zamani. Ayubu, katika sura ya 14, alisema kwamba uko matumaini kwa mti uliokatwa, kuwa utachipuka tena ukisikia harufu ya maji. Ayubu hakuwa mkulima wa korosho, lakini angefika hapa tungeelewana.

Kumbukeni jambo hili moja: shina halijibebeshi lenyewe. Linahitaji mkono wa mtu mwingine, na kikonyo kutoka mti mwingine.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Nilikuwa na dada, nami nina mpwa, mtoto wa dada huyo. Ninyi mnajua desturi zetu, Wamakonde, Wamakua na Wayao. Mtoto wa dada ni wa mjomba. Akifanya vema, sifa ni ya mjomba. Akiharibu, watu humtazama mjomba. Mwaka 2010 dada yangu aliuza korosho zake, akaweka fedha pembeni ili anunue bati, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa ya nyasi na kila masika alilala akihamisha mkeka. Usiku mmoja mwanawe alichukua fedha zile akaenda Dar es Salaam. Hatukupata barua wala simu. Dada yangu alifariki mwaka 2014 chini ya nyasi zile zile, akiuliza kama basi la kutoka Dar limekwisha fika.

Mwezi Machi 2019, jioni, nilikuwa nimeketi barazani nikitayarisha masomo ya Jumapili, maana mimi ni msomaji kanisani. Nikasikia hodi. Alikuwa yeye. Amekonda, ana mfuko wa plastiki mkononi, anakohoa mpaka anashika mti. Akasema, “Shikamoo, mjomba.” Ndugu zangu, sikuitika. Nilisema, “Mama yako hayupo. Hapa huna kwako.” Nikaingia ndani nikafunga mlango, na Biblia nilikuwa nayo kwapani.

Hakunijibu. Nilisikia kikohozi chake kikienda mbali, kisha kikasimama.

Jirani yangu ni mama mjane, ananizidi miaka michache. Asubuhi nilimwona mpwa wangu amelala kwenye baraza ya mama yule, juu ya mkeka, amefunikwa shuka. Nilikwenda pale kwa hasira. Nilimwambia, “Mama, unamfuga mwizi. Huyu alimwua dada yangu.” Yule mama alikuwa akikoroga uji. Hakuacha kukoroga. Akasema, “Mwalimu, keti.” Nikaketi.

Akaniambia, “Unakumbuka tulivyofika hapa?” Nilikumbuka kwa mbali. Vita vya kudai uhuru wa Msumbiji vilianza mwaka 1964, na watu wengi walivuka Ruvuma kuja upande wetu. Mama yule alivuka mwaka 1965, akiwa binti mdogo, mkono mmoja umeshikwa na mama yake na mwingine umeshika sufuria. Nilikuwa na umri wa miaka saba. Akaendelea, “Mama yako hakutuuliza sisi ni akina nani. Alitutandikia mkeka nyuma ya jiko, akasema, laleni, mtasema kesho. Mwalimu, mkeka ule ndio ninaourudisha. Na kama ni deni la bati, korosho zangu za msimu huu ukazipime wewe, uchukue kiasi chake.”

Wapendwa, nilikuwa nimelisoma somo la Filemoni kanisani mara nyingi, kwa sauti nzuri na kwa vituo vyake. Siku ile ndipo nilipolisikia. Mama yule hakusoma zaidi ya darasa la nne. Aliyekuwa mgeni alikuwa akinifundisha mimi, mwenyeji, desturi ya nyumba ya mama yangu mwenyewe.

Siku ya tatu alimpeleka zahanati, na kutoka zahanati wakaelekezwa hospitali. Ilikuwa kifua kikuu. Akapewa dawa za miezi sita. Waganga walimwelekeza alale penye hewa, afunike mdomo akohoapo, na asikose dawa hata siku moja. Mama yule akawa mwangalizi wake. Kila asubuhi alimsimamia mpaka ameze, kama mtoto, kisha wakasali Baba Yetu, kisha uji. Alipopata nguvu kidogo akampa jembe. Si shamba zima, bali matuta mawili. Kesho yake matatu.

Mimi je? Wiki ya pili nilimpelekea nguo. Wiki ya nne nilikaa naye. Nilimwambia kwa mdomo kwamba nimemsamehe, lakini moyo ulifuata nyuma polepole, kama mtoto anayevutwa kwenda shule. Nilikwenda kwa padre nikaungama. Padre aliniuliza swali moja tu: “Umemwitikia ile shikamoo?” Nikasema bado. Nilitoka kanisani nikaenda moja kwa moja mpaka shambani, nikamwambia, “Marahaba, mwanangu.” Tulisimama pale sote wawili tukilia, na wapita njia wakatuona.

Sitaki mfikiri kwamba kila kitu kilikwisha vizuri siku hiyo. Alipomaliza dawa mwezi Septemba, akapona kifua, ulikuja msimu wa mabibo na uraka ukaanza kunyweka. Mwezi Novemba alilewa siku tatu. Nilisema, mnaona? Lakini yule mama alikwenda akamtoa kilabuni bila kelele, akamlaza, asubuhi akampa jembe kama kawaida. Hakumwambia neno mpaka jioni. Jioni alimwambia maneno mengi, na mimi nilikuwapo.

Mwaka 2020 tulikata mikorosho ya marehemu dada yangu, ile mizee iliyokuwa ndani ya vichaka, tukaibebesha. Kazi nyingi aliifanya yeye. Mwaka 2023 aliuza korosho zake za kwanza, akaja kwangu na fedha zote, akaziweka mezani. Akasema, “Mjomba, haya ni ya bati la mama.” Lakini nyumba ya mama yake ilikwisha anguka zamani, na mwenyewe yuko kaburini. Tulikaa kimya muda mrefu. Kisha tukakubaliana. Bati zile zimeezekwa nyumba ya yule mama mjane, na Misa ya marehemu imesomwa.

Hata leo kifua chake si cha kubeba mizigo mizito. Wako wenye maduka wasiomkopesha hata kiberiti. Na mimi mwenyewe, nikimtuma kulipia kitu, bado huhesabu chenji mara mbili. Namwomba Mungu aniponye na hilo pia. Nilimwomba ruhusa kabla ya kuandika habari hizi. Alifikiri siku mbili, akasema, “Andika, mjomba, ila jina usitie. Huenda yuko mwingine anayeogopa kurudi.”

Basi, ndugu wapendwa, tujifunze nini?

Kwanza, anayerudi apewe mahali pa kulala kabla ya kuulizwa maswali. Maswali yana siku yake. Laleni, mtasema kesho: ndivyo alivyofanya mama yangu, na ndivyo walivyofanya watu wa Matola. Mtu aliyechoka hawezi kutubu vizuri. Hata Baba wa mwana mpotevu, katika Injili ya Luka sura ya 15, alimkumbatia kwanza, na maneno yakafuata.

Pili, uponyaji una sehemu nyingi, tusiitenge mmoja na mwingine. Maombi ni dawa, na vidonge ni zawadi ya Mungu pia. Akija mtu kwetu akasema, acha dawa za hospitali, imani yatosha, msimsikilize. Kama mpwa wangu angeziacha mwezi wa pili, leo ningekuwa naandika tanzia. Lakini vidonge navyo havikutosha. Palihitajika mtu wa kumsimamia asubuhi, palihitajika uji, palihitajika matuta mawili ya kulima. Mtu aliyeharibikiwa akipewa kazi ndogo anayoiweza, huanza kujiona kuwa ni mtu. Paulo anacheza na jina la Onesimo, maana yake ni mwenye kufaa. Alikuwa hafai, sasa anafaa. Hawezi kujua kwamba anafaa mpaka apewe la kufanya.

Tatu, deni lisifichwe, wala lisitumiwe kama fimbo. Dada yangu alikosa bati, na hilo ni kweli. Msamaha usiotaja kosa ni kama kubandika karatasi juu ya ufa wa ukuta. Lakini ukitajwa ufa kila siku, hata fundi hukimbia. Litajwe mara moja, lilipwe kama linaweza kulipwa, na kama haliwezi, awepo wa kulibeba. Sisi Wakristo tunamjua aliyelibeba letu pale Msalabani. Ndiyo kusema, kila anayempokea mwenye deni anaweka mkono wake kidogo chini ya Msalaba ule.

Neno langu la mwisho ni kwa wale wanaorudi, au wanaotaka kurudi. Wako vijana wetu mijini ambao mambo yamewashinda. Wako mabinti waliorudi na mtoto mgongoni wakijificha kwa shangazi. Yuko aliyetoka gerezani. Yuko mama aliyeachwa ndoa. Wako na wastaafu wenzangu walioishi mjini miaka mingi, waliorudi bila nyumba, wakiona haya kuomba kiwanja. Msingoje mpaka mpate nguo nzuri za kurudia. Njooni. Piga hodi, taja kosa lako kama lipo, pokea jembe utakalopewa. Utasemwa, sikufichi, maana kijiji kina midomo. Lakini kijiji kina mikeka pia.

Na sisi tulio ndani, usiku wa leo kabla ya kulala, kila mtu ajiulize: ni shikamoo ya nani ambayo sijaiitika? Kwaresima ni siku arobaini. Zinatosha kutembea mpaka kwa mtu huyo, hata kama shamba lake liko mbali, ili Pasaka itakapofika, tukiimba kwamba jiwe limeondolewa, asiwepo mtu aliyesimama nje ya mlango wetu.

Tuombe.

Ee Mungu Mwenyezi, uliyewatoa baba zetu utumwani, ukawapa mahali chini ya milima ya Masasi na juu ya uwanda wa Newala, ukawainua kutoka majivuni si mara moja: utupe mioyo ya kupokea kama tulivyopokewa. Wabariki wanaorudi, uwape ujasiri wa kupiga hodi. Utubariki sisi, utupe wepesi wa kufungua. Uwaponye wagonjwa, uwasaidie waganga na wauguzi, ubariki jembe na mikorosho yetu. Uwape marehemu wetu raha ya milele, na hasa wale waliokufa wakingoja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Ni mimi ndugu yenu katika Kristo,
Mwalimu mstaafu, msomaji wa mtaa